ADHD ukiwa mtu mzima: shika daftari kabla hujashika dawa

Naandika hii kwa ajili ya yule mtu mzima ambae maisha yake yote ameambiwa "una akili sana ila hujitumi", na yeye mwenyewe anajua kwamba jana alikaa masaa manne anaitazama kazi ya dakika ishirini, anatamani iishe, anashindwa kuianza, alafu usiku akalala nayo kichwani. Mimi niligunduliwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayovuruga umakini, utulivu na kujizuia, nikiwa na miaka 34. Kabla ya hapo nilishaachishwa kazi mara mbili na zote mbili kazi yenyewe nilikua naiweza vizuri tu, shida ilikua ripoti zinachelewa, imeili hazijibiwi, kikao nafika watu wanatoka. Nilichokuja kukigundua baada ya miaka kadhaa ya kuhangaika ni kwamba kilichonisaidia zaidi kuliko vyote, kwenye kupimwa, kwenye dawa na kazini, ni daftari moja. Ntaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Mtu hapati ADHD ukubwani, anakua nayo, na inarithiwa sana, ndo maana wazazi wengi wanampeleka mtoto kupimwa alafu wanajikuta wanasikiliza maelezo ya maisha yao wenyewe. Jina linafanya watu wadhani huna umakini. Umakini upo, kinachosumbua ni usukani wake. Unaweza kuzama kwenye kitu unachokipenda masaa sita hata maji hujanywa, alafu fomu ya ukurasa mmoja ikakushinda wiki tatu. Daktari Mwingereza George Still aliwaelezea watoto wa namna hii mwaka 1902, ila kwa miaka mingi sana watu waliamini mtoto akikua inaisha. Kwa wengi haiishi. Kule kurukaruka ndo kunapungua, kunahamia ndani, unakua mtu umekaa kwenye kiti kimya kabisa lakini kichwani hakuna aliyekaa.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujaenda kwa daktari

Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, hakuna picha ya ubongo itakayokwambia unayo au huna. Inapimwa kwa historia yako. Na hapo ndo penye mtego, maana mtu mwenye shida ya kukumbuka na kupanga maneno ndo anaambiwa "haya nieleze maisha yako", anaishia kusema "nasahau sahau tu daktari" na anarudi nyumbani hajasaidiwa. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikaambiwa nipumzike zaidi.

Kwahiyo nunua daftari la kawaida, sio la kwenye simu, simu ukiifungua utajikuta uko kwingine. Kwa wiki mbili andika matukio, usiandike sifa. "Mimi msahaulifu" haimsaidii daktari. "Jumatatu nimelipa bili kwa faini ingawa hela nilikua nayo siku kumi", hiyo inamsaidia. "Nimeacha jiko linawaka nikaenda kujibu mesegi", "nimemkatiza mtu mara nne kwenye kikao na nilikua najizuia", "nimeanza kazi tano leo hamna iliyoisha". Andika na gharama yake, yaani nini kilitokea baadae, nani alikasirika, hela ngapi imepotea, maana daktari anatafuta kama maisha yanaathirika kweli.

Alafu geuza ukurasa uandike utoto. Hii usiiruke. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wengi, vile vya DSM-5, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili kilichotoka mwaka 2013, vinataka dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Kuna dalili 9 za upande wa umakini na 9 za upande wa kutotulia na kukurupuka, mtu mzima anahitaji angalau 5 za upande mmoja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na zionekane sehemu zaidi ya moja, sio kazini tu. Sasa wewe utoto wako huukumbuki vizuri, muulize mama, shangazi, kaka mkubwa, yeyote aliyekulea, na usimuulize "nilikua na ADHD?" atakataa. Muulize "nilikua napoteza vitu?", "mwalimu alikua anakulalamikia nini kuhusu mimi?". Kama ripoti za shule zipo zitafute. Ya kwangu ya darasa la nne ilikua imeandikwa ni mwelewa ila anaota mchana, na daktari aliisoma ile sentensi mara mbili.

Jaza pia dodoso la ASRS, yaani maswali ya kujipima mwenyewe dalili za ADHD ukiwa mtu mzima, lilitengenezwa kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18 na yale 6 ya mwanzo ndo ya kuchuja. Likitoka juu haimaanishi tayari unayo, maana yake ni kwamba inafaa ukapimwe vizuri. Video fupi za mtandaoni zinazosema "dalili tano kwamba una ADHD" ziache, kila mtu hupoteza funguo siku moja moja, cha kuangalia ni kwamba wewe inakutokea mara ngapi, tangu lini na inakugharimu kiasi gani.

Hatua ya pili: kupimwa

Nenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, au mwanasaikolojia wa hospitali aliyezoea watu wazima, hilo la watu wazima uliza mapema kabisa wakati unaweka miadi. Upimaji mzuri unachukua mda, lisaa limoja au mawili, saa zingine zaidi ya siku moja. Mtu akikupa jibu kwa dakika kumi, liwe ndio au hapana, tafuta mwingine.

Ataulizia vitu vinavyofanana na ADHD lakini sio, au vinavyokaa pamoja nayo, na hapa naomba uwe mkweli hata kama inauma. Sonona, wasiwasi uliopitiliza, bipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana kwa vipindi), mshtuko wa mambo uliyopitia zamani, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawa, upungufu wa damu, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, pombe, bangi. Mtu anaelala vibaya kila siku atasahau na kukosa fokasi kama sisi kabisa. Tofauti kubwa ni lini ilianza: sonona huja ikaondoka, ADHD imekuwepo tangu mdogo. Ila wengi wetu tunazo zote mbili, maana ukiishi miaka thelathini unaambiwa mvivu, moyo unachoka. Ukimficha daktari unywaji wako anaweza akakupa dawa isiyokufaa, kwahiyo mwambie.

Ukiambiwa "ADHD ni ya watoto" usigombane na usiondoke pia. Mfungulie daftari. Mimi nilisema hivi, kwa utulivu kabisa: "Samahani daktari, haya mambo yapo tangu nikiwa na miaka saba, mama amenisimulia na ripoti ya shule hii hapa, naomba kama sio ADHD unisaidie kujua ni nini, na kama kuna mwenzako anaona watu wazima naomba uniandikie rufaa." Akaandika.

Dada zangu, hili ni lenu hasa. Wasichana wengi hawakimbii darasani, wanatazama dirishani, wanajitahidi mara tatu ya wenzao ili wasionekane, kwahiyo hawashtukiwi, wanakuja kugunduliwa wakishakua watu wazima, tena mara nyingi baada ya kutibiwa wasiwasi kwa miaka. Kama dalili zako zinapanda siku za karibu na hedhi au zimekua mbaya ukikaribia kukoma hedhi, liandike hilo na tarehe zake, daktari mwelewa atalitumia.

Ukishaambiwa ndio, jipe siku. Kuna furaha ya kujua jina la kitu, alafu wiki inayofuata inakuja huzuni, unawaza ile miaka, zile kazi, yule mtu aliyekuacha akisema hujali. Mimi nililia kwenye gari nusu saa. Usifanye maamuzi makubwa wiki hiyo na hulazimiki kumwambia kila mtu, mwambie mmoja tu unaemwamini.

Hatua ya tatu: dawa

Watu wengi wanaogopa hapa na ninawaelewa, kwahiyo ntaenda taratibu.

Hizi dawa sio mpya. Mwaka 1937 daktari wa Marekani Charles Bradley aliandika kwamba watoto aliowapa dawa ya jamii ya amfetamini walitulia na kufanya vizuri zaidi darasani, na methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, ipo sokoni tangu miaka ya 1950. Kuna makundi mawili. Kundi la kwanza ni vichangamshi, yaani methilifenideti na zile za amfetamini kama lisdeksamfetamini. Zinaongeza dopamini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopitisha ujumbe, kwenye sehemu za ubongo zinazoshika usukani. Zinafanya kazi siku ileile unapomeza. Za mda mfupi zinaisha baada ya masaa manne hivi, za mda mrefu zinakwenda masaa nane mpaka kumi na mbili au zaidi. Kundi la pili sio vichangamshi, maarufu ni atomoksetini, hii unameza kila siku na inahitaji wiki kadhaa, nne mpaka sita na saa zingine zaidi, ndo uone kitu. Watu wengi wanaiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, na kumbe bado hata haijaanza.

Kabla hujaanza ni lazima upimwe presha, mapigo ya moyo na uzito, na umwambie daktari kama una shida ya moyo au kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana kwa ajili ya moyo. Mtajie dawa zote unazotumia, hasa za sonona, kuna aina moja ya zamani inayoitwa MAOI ambayo ikikutana na hizi presha inaweza kupanda kwa hatari. Una mimba, unanyonyesha, unapanga kupata mtoto? Sema. Uliwahi kuona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, au kuwa na vipindi vya kuchangamka mpaka hulali siku nyingi? Sema pia.

Daktari ataanza na dozi ndogo na kupandisha pole pole. Hapa ndo daftari linarudi, na kwa kweli hapa ndo lilinifaa kuliko mahali popote. Kila siku mstari mmoja: saa uliyomeza, ilianza lini kukolea, iliisha lini, ulikula nini na nini, ulilala saa ngapi, presha kama una mashine, na kazi gani moja uliyoweza au kushindwa kuianza. Bila hiyo utaenda kwa daktari baada ya wiki nne useme "iko poa" au "sijaielewa" na atabahatisha. Mimi mistari yangu ilionyesha wazi kwamba kila siku saa tisa mchana nagombana na mtu, na daktari akaona kwamba dawa inaisha mda ule ndo hasira zinakuja, akabadilisha kwenda ya mda mrefu, na ugomvi ukaisha. Hakuna mtu angejua hilo kwa kukumbuka tu.

Madhara ya kawaida ni hamu ya kula kupungua, usingizi kuchelewa, mdomo kukauka, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio kidogo. Kula vizuri kabla ya kumeza, meza asubuhi, punguza kahawa hasa wiki za mwanzo maana vyote viwili vinausukuma moyo. Mengi yanapungua baada ya siku kadhaa. Yasiyosubiri ni haya: maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo, mawazo ya kujiua. Hayo unaenda hospitali siku hiyohiyo. Na atomoksetini ikikufanya macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi nenda haraka, mara chache sana inagusa ini.

Utajuaje dozi imekaa? Sio kwamba unajisikia una nguvu za ajabu. Dozi iliyokaa haina kelele, unaamua kuosha vyombo na unajikuta umeosha. Ukijiona umekua kama sanamu, hucheki, hata muziki unaoupenda haukugusi, dozi ni kubwa au dawa sio yako, mwambie daktari, usivumilie ukidhani ndo inavyotakiwa.

Usimpe mtu kidonge chako na usichukue cha mtu. Vichangamshi viko chini ya udhibiti wa kimataifa, methilifenideti na amfetamini zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kwahiyo ukisafiri nchi nyingine beba cheti cha daktari na uache dawa kwenye pakiti yake, na uliza ubalozi kabla, kuna nchi kama Japani ambayo dawa za amfetamini za aina ya Adderall huruhusiwi kuingia nazo hata ukiwa na cheti. Na dawa zikiwa zimebaki za siku saba ndo siku ya kuomba nyingine, sio zikiisha. Kwenye daftari langu ukurasa wa kila mwezi una duara jekundu kwenye tarehe hiyo.

Kama dawa hazikufai au hutaki, sio mwisho. Kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na mienendo ambayo imetengenezwa hasa kwa ADHD ya watu wazima, inafundisha kupanga, kuanza, na kupambana na ile sauti ya "mimi sifai". Hata wanaotumia dawa inawasaidia. Dawa inakupa usukani, haikufundishi barabara.

Hatua ya nne: kazini

Kanuni yangu ni kwamba chochote kilicho kichwani tu hakipo. Bosi akikwambia kitu kwenye korido andika papo hapo mbele yake, alafu mrudishie: "Kwahiyo bosi nikuletee ile listi kabla ya Alhamisi saa sita, sawa?" Wengine niliwaona wanafikiri nataka kuwatega, lakini baada ya mwezi walikuja kupenda maana makosa yalipungua.

Kuanza ndo mlima wetu. "Andaa ripoti" sio kazi, ni kundi la kazi, na ubongo wetu ukiona kundi unakimbia. Ikate mpaka hatua ya kwanza iwe ni kitu mkono unaweza kufanya sasa hivi, kama "fungua faili la mwaka jana" au "andika kichwa cha habari". Andika hiyo tu, ukishaifanya ndo uandike inayofuata. Alafu kaa na mtu. Hii naisema kwa msisitizo kwa sababu haigharimu kitu na watu wanaidharau, ukiwa na mwenzako anafanya kazi zake pembeni yako, hata kwa video, hata bila kuongea, unaanza. Mimi na rafiki yangu tunafungua simu saa mbili asubuhi, kila mmoja anasema atafanya nini, tunanyamaza dakika hamsini, tunaambiana imefikia wapi. Miaka mitatu sasa.

Mda nao uutoe kichwani uuweke machoni. Saa ya ukutani unayoiona bila kugeuka, na taima inayohesabu kurudi nyuma. Kabla ya kazi andika kwenye daftari unakisia itachukua dakika ngapi, ukimaliza andika zilizotumika kweli. Fanya wiki moja. Mimi nilikuta karibu kila kitu kinachukua mara mbili ya ninavyodhani, na ile safari ya "dakika kumi" ni dakika ishirini na tano, sasa naandika kwenye kalenda mda wa kuondoka, sio mda wa kufika.

Mawazo yanayoingia katikati ya kazi usiyafukuze, hayafukuziki, yaandike pembeni ya ukurasa na uendelee, utayarudia saa ya mapumziko, na nusu yake utakuta hata hayana maana. Dedilaini ya mbali ivunje na umwahidi mtu halisi kumpelekea kipande siku fulani, dedilaini uliyojiwekea mwenyewe kimoyomoyo haikushiki. Baada ya kila kikao zuia dakika kumi kwenye kalenda za kuandika nini umeahidi, kabla hujaingia kingine.

Je umwambie mwajiri? Inategemea sana na mahali ulipo na bosi ulienae. Kuna nchi sheria inakulinda, kwa mfano Uingereza kuna sheria ya usawa ya 2010 na Marekani ile ya watu wenye ulemavu ya 1990, zote ADHD inaweza kuingia ikiwa inaathiri sana maisha yako, na mwajiri anatakiwa akufanyie marekebisho ya kuridhisha. Kwingine sheria ipo kimya, na mwenye kusema anaweza kuhukumiwa. Ushauri wangu ni uanze kuomba kitu unachohitaji bila kutaja jina la ugonjwa. "Naomba maelekezo yawe kwa maandishi", "naomba nikae mbali na mlango", "tuwe tunaonana dakika kumi kila Jumatatu tupange vipaumbele". Mabosi wengi wanakubali hayo bila swali. Ukiona haitoshi, au umeshaanza kupewa barua za onyo, hapo ndo ufikirie kusema rasmi, kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya daktari, na utunze kopi.

Baada ya hapo

Mara mbili kwa mwaka, au kama daktari atakavyosema, rudi upimwe presha na uzito na muangalie kama dawa bado inahitajika kwa kiwango kilekile. Usingizi ulinde kuliko kitu kingine chochote, usiku mmoja mbovu unakula nusu ya kazi ya dawa, na mazoezi ya mwili hata ya kutembea haraka nusu saa yanasaidia fokasi ya masaa yanayofuata.

Na kuna wiki utaliacha daftari. Litapotea chini ya nguo, utaliona baada ya siku kumi na moja na utasikia aibu ya kulifungua. Usijaze zile siku zilizoruka. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo na saa uliyomeza dawa.